Jino, Pembe na Nyara: Neno la Kiingereza "Ivory" na Historia ya Kulitaja kwa Kiswahili, Kapalamsenga na Ukanda wa Karema

Utangulizi

Makala hii imetokana na kosa la mtafiti mwenyewe. Nilipoanza kukusanya data za historia simulizi Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, nilikuwa na dodoso lenye swali kuhusu biashara ya zamani ya meno ya tembo. Dodoso hilo niliandika kwanza kwa Kiingereza, kwa kuwa maandiko mengi niliyoyasoma yamo katika lugha hiyo, kisha nikalitafsiri. Mahali palipokuwa na neno "ivory" niliweka "meno ya tembo", wala sikuona tatizo. Katika nyumba za mwanzo nilizobisha hodi, mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka swali hilo lilipofika. Baada ya hapo majibu yakawa mafupi. Nikaulizwa nimetumwa na nani. Mzee mmoja alinitaka nifunge daftari kwanza.

Siku chache baadaye, mzee mwingine alinisimulia, bila kuulizwa, habari za babu yake aliyebeba pembe hadi pwani. Alisema "pembe" tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipomuuliza kama pembe hizo ndizo meno ya tembo, alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza kwamba meno ya tembo ni maneno ya kesi, na kwamba babu yake hakuwa na kesi.

Leo jina la Kapalamsenga likitajwa nje ya mkoa, aghalabu hutajwa kwa sababu ya shaba. Hata hivyo, eneo hili liko katika ukanda wa Ikola na Karema, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, ambako katika karne ya 19 bidhaa iliyotikisa siasa, vita na safari haikuwa shaba, bali ile ambayo Waingereza waliiita "ivory". Hoja ya makala hii ni kwamba neno hilo moja la Kiingereza halina mwenzake mmoja katika Kiswahili. Lina wenzake watatu, yaani pembe, jino na nyara. Kila kimoja kiliingia katika matumizi kwa wakati wake, na kila kimoja kinajibu kwa namna tofauti swali la nani mwenye haki juu ya kitu hicho. Mwanahistoria anayeyachukulia maneno hayo kuwa visawe hupoteza data, kama nilivyopoteza mimi.

Neno la Kiingereza na meno yaliyofichwa ndani yake

Kisayansi hakuna ubishi. Kinachochomoza katika uso wa tembo ni meno mawili ya mbele ya taya la juu, yanayoendelea kukua maisha yote ya mnyama. Sehemu yake, takriban thuluthi moja, imezikwa ndani ya fuvu. Malighafi yake ni dentini, ile ile iliyomo ndani ya meno ya binadamu. Magego ya tembo ni jambo jingine kabisa: hutoka seti kwa seti, sita kwa kila upande wa taya, na seti ya mwisho ikishalika mnyama hushindwa kutafuna, akafa kwa njaa.

Kiingereza kina maneno mawili kwa jambo hili. "Tusk" ni jino lenyewe, refu, linalotokeza nje ya mdomo. Neno hilo hutumika pia kwa ngiri, kiboko na walrasi, bila kujali kama jino husika ni la mbele au ni chonge. "Ivory" ni malighafi: kitu kilichokwisha kutolewa, kukatwa na kupimwa. Neno hili la pili lilifika katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, kutoka katika Kilatini "ebur", ambalo wataalamu wengi hulihusisha na neno la Misri ya kale la kumtaja tembo. Msemaji wa Kiingereza wa leo hasikii tembo ndani ya neno hilo, wala hasikii jino. Katika Kigiriki cha kale hali ilikuwa ya ajabu zaidi, kwani katika tenzi za Homer neno "elephas" humaanisha malighafi hiyo tu. Watu walioipokea kupitia wafanyabiashara waliijua bidhaa kabla ya kumjua mnyama, na baadaye mnyama akapewa jina la bidhaa yake.

Hata hivyo, Waingereza hawakuficha jino wakati wote. Katika karne ya 17 na ya 18, hesabu za makampuni yaliyofanya biashara Afrika Magharibi zilitaja mzigo huo kuwa "elephants' teeth", meno ya tembo. Sehemu ya pwani ambayo leo ni Côte d'Ivoire iliitwa na mabaharia wa Kiholanzi na wa Kiingereza Pwani ya Meno. Kwa maneno mengine, istilahi tunayoiona leo kuwa ya kisasa na ya kitaalamu ilikuwa istilahi ya maghala ya bandarini karne tatu zilizopita. Baadaye "ivory" ilishinda, na ushindi huo ulikwenda sambamba na mabadiliko ya soko: mnunuzi wa mwisho hakuwa tena mtu wa bandarini aliyeliona jino zima, bali familia ya London au Boston iliyonunua kitana, mpini wa kisu, mpira wa biliadi au piano.

Hapa kuna mzunguko unaostahili kutajwa. Kiingereza cha mitaani hutumia wingi wa neno hilo, "ivories", kumaanisha vibonye vya piano, na pia kumaanisha meno ya binadamu. Neno lililoanzia katika jino la mnyama likapitia bidhaa, likarudi mdomoni. Na halikurudi kwa maneno tu. Kabla ya kupatikana kwa kauri na vifaa vipya, mafundi wa meno wa Ulaya na Marekani walichonga meno ya bandia kwa kutumia meno ya kiboko, ambayo yalipendwa kwa ugumu wake na kwa kuwa hayabadiliki rangi haraka. Meno ya bandia ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, yalikuwa na sehemu za aina hiyo.

Kwa nini pembe

Kiswahili cha pwani hakikuita kitu hiki jino. Kilikiita pembe. Kamusi sanifu ya Kiswahili–Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 huipa "pembe" maana ya pembe ya mnyama kama ng'ombe, maana ya kona, na maana ya pembe ya ndovu. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, hutaja pembe kwa frasila bila kuhitaji kueleza ni pembe za mnyama gani. Anapoeleza alivyomshinda Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1867, hesabu yake ya pembe zilizopatikana ni frasila 1,950. Frasila moja ni takriban kilo 16. Pembe bila nyongeza ilikuwa pembe ya ndovu. Ya kifaru ilikuwa na jina lake, kipusa.

Ipo hoja, ambayo nimewahi kuisikia hata katika semina za wanazuoni, kwamba wazee wa zamani walisema pembe kwa sababu hawakujua kuwa kitu hicho ni jino. Hoja hii haisimami. Wawindaji waliochinja tembo na kukata mzizi kutoka ndani ya fuvu kwa shoka waliona wazi kilipoota na ubongo laini uliomo ndani ya tundu lake. Aidha, Kiswahili hicho hicho hakikusita kusema "meno ya kiboko", bidhaa iliyosafirishwa kutoka Zanzibar pamoja na pembe. Kama watu walijua kwamba meno marefu yaliyopinda ya kiboko ni meno, haiwezekani kuwa walishindwa kuelewa ya tembo. Tofauti iko katika kigezo cha kuainisha. Ya kiboko yamo ndani ya mdomo, na mnyama akifumba hayaonekani. Ya tembo hayatafuni, hayafumbwi, yako nje daima, yako mawili, yamepinda, na mnyama huyatumia kuchimba, kuinua na kupigana. Kwa kigezo cha kazi na mahali, hiyo ni pembe. Sayansi imechagua kigezo cha asili ya kitu. Vigezo vyote viwili ni halali, na msemaji wa Kiswahili alichagua kimoja akijua anachofanya.

Wala Kiswahili hakiko peke yake. Kichewa husema "minyanga ya njovu", na Kishona husema "nyanga dzenzou". Kote mzizi ni ule wa pembe. Waganda, kwa upande wao, wana neno la pekee, "amasanga", ambalo si pembe wala si jino. Waarabu, walioshirikiana na Waswahili katika biashara hiyo, walikuwa na "aj" na pia "sinn al-fil", jino la tembo. Kwa hiyo hata ushawishi wa Kiarabu, uliobadilisha maneno mengi ya biashara, haukuing'oa pembe. Wajerumani husema "Elfenbein", ambalo kwa asili ni mfupa wa tembo. Na ubishi wenyewe ni wa kale kuliko Uislamu na kuliko Kiingereza. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, anasimulia kwamba Juba, mfalme wa Mauretania, aliziita pembe, ilhali Herodotus na desturi ya watu waliziita meno. Yeye Pliny akaunga mkono meno. Sikosi kuona kwamba katika ubishi huo aliyesema pembe ndiye aliyekuwa Mwafrika, ingawa sidai kwamba hilo linathibitisha jambo lolote.

Msamiati wa biashara ulijengwa juu ya neno hilo. Pembe ndogo iliitwa kalasha. Richard Burton, aliyepita Tabora na Ujiji kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba wafanyabiashara wa Zanzibar walipanga pembe kwa soko lake: ya daraja la Ulaya iliitwa bab Ulaya, na ya daraja la Kachhi, huko India, ilikuwa na jina lake. Pembe ikawa pia chombo. Siwa ya Pate, baragumu kubwa iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na kupulizwa katika sherehe za watawala, haikuwa bidhaa bali alama ya enzi. Neno "pembe" linamudu yote hayo kwa wakati mmoja: kiungo cha mnyama, mzigo, baragumu, enzi. "Jino" halina upana huo.

Karema, 1871 hadi 1885

Ukanda wa Kapalamsenga haukuwa njia kuu ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka hapo ikaelekea magharibi hadi Ujiji. Lakini mwaka 1871 vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia hiyo, na Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo na nchi aliyoiita Ukawendi, yaani Ukabende, ambamo Mpanda na mwambao wetu vimo. Mwanzoni mwa mwaka 1872 yeye na Livingstone walirudi Tabora kwa kupitia nchi hiyo hiyo. Kilichoanza kama mchepuko kikaonyesha kwamba mtu angeweza kufika ziwani bila kupita mikononi mwa watu wa Ujiji.

Mwaka 1879, Mbelgiji Ernest Cambier alianzisha kituo Karema kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoundwa na Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka huo huo ulifanyika mradi ambao, kwa maoni yangu, unaeleza historia ya neno letu vizuri kuliko kamusi yoyote. Tembo 4 waliofugwa walisafirishwa kwa meli kutoka India, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam chini ya usimamizi wa Frederick Carter, wakaongozwa kwa miguu kuelekea Karema. Lengo lilikuwa kujua kama tembo wangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Watatu walikufa njiani. Mmoja tu, jike aliyeitwa Pulmalla, alifika Karema mwezi Desemba 1879.

Tufikirie njia hiyo ilivyokuwa. Kwa miongo kadhaa ilikuwa imepitisha pembe mabegani mwa watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa takriban frasila 2, lakini pembe haikatwi ili itoshee mzigo, kwa sababu ikikatwa hushuka thamani. Pembe nzito ilibebwa na mwanamume mwenye nguvu kuliko wenzake, aliyetembea mbele na kujivunia nafasi hiyo. Sasa katika njia ile ile alikuja mnyama aliye hai, wa jamii ya wale waliozitoa pembe hizo, akibeba mzigo wa Mzungu na kumtii mtu aliyekaa shingoni mwake. Walioona msafara huo hawakuwa wamemwona ndovu akitumikishwa. Kwao ndovu alikuwa nyama na pembe. Majina mawili ya Kiingereza, mnyama kwa upande mmoja na "ivory" kwa upande mwingine, yalikutana barabarani.

Mradi haukudumu. Mwezi Juni 1880, Carter na mwenzake Cadenhead, wakiwa katika safari ya kurudi pwani, waliuawa Mpimbwe, ndani ya mkoa wa Katavi wa leo, wakati kijiji walichofikia kiliposhambuliwa na majeshi ya Mirambo na mshirika wake Simba. Wazungu hao hawakuwa walengwa wa kwanza wa vita hiyo. Vita ilihusu nani atawale njia na nani apokee hongo, na hongo ilikuwapo kwa sababu pembe zilikuwa zikipita. Mwaka 1885 kituo cha Karema kilikabidhiwa kwa mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama White Fathers, na habari za eneo hili baada ya hapo zimeandikwa zaidi kwa Kifaransa.

Ni muhimu kukaa kidogo juu ya suala la haki. Katika falme za Unyamwezi na katika jamii nyingi za Afrika ya Kati, mtawala alikuwa na haki ya pembe ya tembo aliyeuawa katika nchi yake. Mahali pengi desturi ilitaja pembe iliyogusa ardhi mnyama alipoanguka: ya chini ni ya mwenye ardhi, ya juu ni ya mwindaji. Nyama iligawanywa kwa utaratibu mwingine. Kwa hiyo pembe ilikuwa sehemu ya mnyama yenye siasa ndani yake. Aliyesema "pembe" alikuwa amekwisha kusema "ya mtemi" au "ya mwindaji", na bei ya frasila Zanzibar ilipopanda, ndiyo hesabu hiyo ya moja kwako na moja kwangu iliyovurugika kwanza. Mtawala alitaka zote mbili. Mwindaji mwenye bunduki hakutaka kutoa hata moja. Utawala wa Mirambo hauwezi kueleweka nje ya mvutano huo.

Bei hiyo ilipangwa mbali sana. Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Sayyid Said tangu 1833, na sehemu kubwa ya pembe laini za Zanzibar iliishia katika bonde la mto Connecticut, ambako viwanda viwili vilikata vibao vya piano, na mji mmoja ukaitwa Ivoryton. Ni mji wa pembe usiokuwa na ndovu hata mmoja. Kutoka Karema hadi huko, kitu kilekile kilibadilishwa jina mara tatu au nne, na kila jina jipya lilimfuta mtu wa nyuma yake: kwanza mwindaji, kisha mpagazi, mwisho mnyama mwenyewe.

Kutoka pembe hadi nyara

Kuhusu kipindi cha ukoloni nitakuwa mfupi, kwa kuwa sheria zake zimeshughulikiwa na wengi. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyoanzisha leseni. Waingereza wakafuata na Sheria ya Kuhifadhi Wanyama ya 1921. Kwa madhumuni ya makala hii, jambo moja linatosha. Pembe iliyokuwa ya mtemi na mwindaji sasa iligawanywa kati ya serikali na mwenye leseni. Neno "pembe" halikubadilika, lakini mtemi aliondolewa ndani yake.

Neno lililoleta mageuzi makubwa zaidi ni "nyara". Katika Kiswahili cha zamani nyara ni kinachotekwa vitani, na hadi leo tunasema "kuteka nyara" kwa mtu anayechukuliwa kwa nguvu. Sheria za wanyamapori za Tanzania, ile ya 1974 na ile ya 2009, ziliandikwa kwa Kiingereza na kutumia neno "trophy", ambalo nalo asili yake ni kumbukumbu ya ushindi wa vita kwa Wagiriki. Kiswahili cha polisi na mahakama kikalitafsiri kuwa nyara, na kosa likawa kupatikana na nyara za serikali. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa kiwango cha kushangaza. Inatangaza kwamba sehemu yoyote ya mnyamapori, awe amekufa kwa risasi au kwa uzee, imetekwa na dola. Swali la pembe ya juu na pembe ya chini limefungwa.

Sambamba na nyara likaja jino. Katika vyombo vya habari vya Tanzania ya leo, istilahi inayotawala ni "meno ya tembo", ilhali nchini Kenya "pembe za ndovu" imeendelea kushika nafasi yake. Tuzingatie kwamba maneno yamehama kwa jozi: pembe huambatana na ndovu, meno huambatana na tembo. Ni nadra kusikia "meno ya ndovu". Ndovu ni jina la kale lenye ndugu katika lugha nyingi za Kibantu. Tembo ni jina la mazungumzo ya kila siku bara. Maelezo yangu kuhusu sababu ya uhamisho huo ni ya kukisia, na nayatoa hivyo. Kuanzia 1967 masomo ya shule za msingi, sayansi ikiwamo, yalifundishwa kwa Kiswahili, na sayansi inasema jino. Maofisa wa wanyamapori walisomeshwa kwa Kiingereza, tangu Chuo cha Mweka kilipofunguliwa mwaka 1963, na Kiingereza cha biolojia nacho kinasema jino. Kampeni za uhifadhi zilihitaji neno litakalomrudisha mnyama mbele ya macho ya msikilizaji, na jino hufanya kazi hiyo vizuri kuliko pembe. Pembe huweza kufikiriwa kuwa kitu kinachookotwa. Jino hung'olewa kwa mwenyewe, na kila mtu aliyewahi kuumwa jino anajua maana yake.

Haja ya kampeni hizo haikuwa ya kubuni. Mwaka 1989 nchi wanachama wa Mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya bidhaa hiyo, na Tanzania ikaendesha Operesheni Uhai. Baadaye ujangili ulirudi kwa nguvu: idadi ya tembo nchini ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Mwezi Februari 2019, Mahakama ya Kisutu ilimhukumu raia wa China Yang Fenglan, aliyejulikana magazetini kwa jina la malkia wa meno ya tembo, kifungo cha miaka 15 kwa biashara iliyohusisha vipande vipatavyo 860.

Lakini kati ya takwimu hizo kuna mwezi Oktoba 2013. Operesheni Tokomeza, iliyoanza mwezi huo kwa lengo la kukomesha ujangili, ilisitishwa baada ya majuma machache kutokana na malalamiko ya mateso, vifo na uharibifu wa mali. Mwezi Desemba, baada ya taarifa ya kamati ya Bunge, mawaziri 4 walipoteza nafasi zao. Katika maeneo yanayopakana na hifadhi, Katavi ikiwa mojawapo, "meno ya tembo" hayakufika kwanza kama istilahi ya biolojia. Yalifika kama neno la upekuzi, lililotamkwa mlangoni usiku. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini dodoso langu lilifunga midomo. Sikuwa nimeuliza habari za karne ya 19. Kwa masikio ya waliokuwa wakinisikiliza, nilikuwa nimeuliza kama kuna nyara ndani ya nyumba.

Dola yenyewe haijaliacha neno la zamani moja kwa moja. Katika Nembo ya Taifa, ngao imewekwa kati ya pembe mbili, na bibi na bwana wamesimama kando yake. Shuleni nilifundishwa kuzitaja "pembe za ndovu", na nilipata alama zangu kwa jibu hilo. Sijawahi kusikia mtu akizitaja kuwa meno, wala nyara, ingawa ni kitu kilekile kinachotajwa katika hati za mashtaka. Penye heshima ni pembe. Penye kosa ni meno.

Athari kwa utafiti huu

Kutokana na hayo, nimefanya mabadiliko matatu katika tasnifu ambayo makala hii ni sehemu yake. Kwanza, manukuu ya mahojiano yanabaki na neno alilolitumia msemaji, hata pale msimamizi wangu alipoona kuwa usanifishaji ungemrahisishia msomaji. Pili, ninapotafsiri kutoka Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani naangalia kwanza kipindi: kwa habari za kabla ya 1896 naandika pembe, kwa mashauri ya mahakama baada ya uhuru naandika nyara au meno ya tembo kama yalivyo katika hati. Msomaji ataona maneno yakibadilika kutoka sura hadi sura, na asidhani ni uzembe wa uhariri. Tatu, nimeandika upya swali la dodoso. Halina tena mnyama wala sehemu yake. Linauliza: "Wazee wenu waliposafiri kwenda pwani, walibeba nini?" Kwa swali hilo nilirudi kwa mzee aliyenitaka nifunge daftari. Alijibu kwamba walibeba chumvi, jembe na pembe, na kwamba pembe ndiyo iliyowachubua mabega.